Mishipa ya fahamu ya mtoto wako, na jinsi muhogo mchungu unavyoweza kuikata

Kwa Kiswahili chetu neno "mshipa" limebebeshwa mizigo mingi. Mshipa wa damu ni mshipa. Kano iliyo nyuma ya goti nayo huitwa mshipa. Hata ngiri ya mtoto wa kiume mtaani wanaiita mshipa. Ndiyo maana mzazi akiambiwa kliniki kwamba mtoto wake ana tatizo la mshipa wa fahamu, mara nyingi anarudi nyumbani akiwaza damu, na jioni anamkanda mtoto mafuta ya nazi ili damu itembee vizuri.

Mshipa wa fahamu haupitishi damu. Unapitisha umeme. Ni umeme mdogo sana, usioweza kumshtua mtu, lakini bila huo mtoto hawezi kunyonya, kulia, kushika kijiko wala kuinua mguu. Tunaueleza hapa tukiwa Chikongola, Mtwara mjini, kwa sababu kuna ulemavu wa miguu unaotokana na kuharibika kwa mishipa hii ambao mkoa wetu umeshaupata, na kinga yake iko jikoni. Ulemavu huo unaitwa konzo. Ukishajua mshipa wa fahamu ulivyo, utaelewa kwa nini konzo haitibiki na kwa nini ni rahisi kuizuia.

Seli yenye uzi mrefu

Mwili wote umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli nyingi zina umbo la kawaida: za ngozi zimebanana kama vigae, za damu ni kama visahani. Seli ya neva haifanani nazo. Mfikirie pweza mwenye mikono mingi mifupi na mkono mmoja mrefu kupita kiasi. Kichwa cha pweza ni mwili wa seli, na ndani yake kuna kiini kinachoendesha shughuli zote. Ile mikono mifupi huitwa dendraiti, na kazi yake ni kupokea habari kutoka kwa seli nyingine. Mkono mmoja mrefu huitwa aksoni. Huo ndio uzi unaopeleka habari mbele.

Urefu wa uzi huo unashangaza. Mwili wa seli ni mdogo kuliko chembe ya unga, lakini kwa mtu mzima uzi unaotoka kiunoni hadi kwenye misuli ya unyayo unakaribia mita moja. Kama mwili wa seli ungekuwa na ukubwa wa chungwa, uzi wake ungeweza kufika kilomita moja. Na mahitaji karibu yote ya uzi huo hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha husafirishwa taratibu hadi mwisho. Ni kama kijiji kilicho mwisho wa barabara ambacho chakula chake chote hutoka mjini. Mjini kukikosekana chakula, kijiji hicho ndicho hutangulia kulala njaa. Likumbuke hilo, tutalirudia tukifika kwenye muhogo.

Nyuzi nyingi zimefunikwa kwa tabaka la mafuta liitwalo mayelini, kama waya wa nyumbani unavyovikwa plastiki. Tofauti ni kwamba plastiki ya waya haikatiki, wakati mayelini imevikwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande pana nafasi ndogo iliyo wazi. Umeme huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, na hivyo husafiri haraka zaidi.

Mtoto mchanga huzaliwa mayelini yake haijakamilika. Huongezeka mwezi hadi mwezi, na kwenye njia zinazoongoza miguu huchelewa kukamilika. Hii ni sababu mojawapo ya mtoto kukaza shingo kwanza, kisha akakaa, kisha akatambaa, na kusimama kukaja baadaye. Jirani anayekuambia umchimbie mtoto wa miezi sita shimo la mchanga asimame humo ili miguu ikaze anaharakisha kitu ambacho hakiharakishwi kwa mchanga.

Umeme wenyewe unatembeaje

Hapa watu wengi huwaza waya wa TANESCO. Umeme wa mwilini ni wa namna nyingine. Hautoki kwenye chanzo kimoja ukamiminika hadi mwisho. Kila sehemu ya uzi ina betri yake ndogo, na betri hizo huamshana moja baada ya nyingine.

Betri hiyo imetengenezwa kwa chumvi. Nje ya uzi kuna sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida ya kupikia. Ndani kuna potasiamu nyingi, ambayo sisi huipata kwenye ndizi, maji ya dafu na mboga za majani. Chembe za sodiamu na potasiamu zimebeba chaji ya umeme. Kwa kuwa hazikugawanyika sawa ndani na nje, ndani ya uzi uliotulia kunakuwa na chaji hasi ya takriban milivolti 70. Betri moja ya redio ina volti 1.5, kwa hiyo umeme wa seli ni kama sehemu moja ya ishirini ya betri hiyo.

Kwenye ukuta wa uzi kuna vilango vidogo vya sodiamu ambavyo kwa kawaida vimefungwa. Habari ikifika, vilango vya mwanzo hufunguka. Sodiamu huingia kwa kasi na chaji ya ndani hugeuka kuwa chanya. Mgeuko huo hufungua vilango vya jirani, navyo hufungua vya mbele yao. Papo hapo vya nyuma hujifunga, potasiamu hutoka, na sehemu hiyo hutulia tena. Yote hayo hufanyika katika takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni kama watu waliojipanga foleni kutoka kwenye ngalawa hadi ufukweni wakipokezana matenga ya samaki. Kila mtu anabaki mahali pake, lakini tenga linafika.

Habari hiyo haina nusu. Vilango vikifunguka vya kutosha, ishara huenda nzima hadi mwisho. Visipotosha, haiendi kabisa. Ukigusa maji ya vuguvugu na ukigusa sufuria iliyotoka motoni, ukubwa wa kila ishara ni uleule. Kwenye sufuria zinatumwa ishara nyingi zaidi, mfululizo, na kwenye nyuzi nyingi zaidi.

Kasi yake inategemea uzi. Nyuzi nene zenye mayelini zinazoendesha misuli ya mguu hupitisha ishara kwa mita 50 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, na hakuna basi la Dar es Salaam linalofika hapo. Nyuzi nyembamba zisizo na mayelini huenda kama mita moja tu kwa sekunde. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, maumivu makali ya kuchoma huja mara moja, halafu baada ya kitambo kidogo yanafuata yale mazito yanayopwita. Ya kwanza yamepita njia ya haraka, ya pili yamepita njia ya taratibu.

Mengi ya haya yaligunduliwa kwa msaada wa ngisi, huyu huyu tunayemnunua sokoni. Ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, unaweza kufika karibu milimita moja. Wanasayansi wawili wa Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliingiza waya mwembamba ndani ya uzi huo na kupima umeme wake. Mwaka 1952 walichapisha maelezo kamili ya jinsi sodiamu na potasiamu zinavyopishana, na mwaka 1963 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel.

Bahari hiyo hiyo ina samaki anayeonyesha kinyume chake. Bunju, yule anayejijaza akavimba kama mpira, ana sumu inayoziba vilango vya sodiamu. Vilango vikizibwa, habari haipiti. Aliyemla huanza kuhisi ganzi midomoni na kwenye ulimi, kisha mikono na miguu hulegea, na mwishowe misuli ya kupumua husimama huku mara nyingi yeye mwenyewe akili zake zikiwa timamu na akisikia yote yanayosemwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na dawa ya kuifuta haipo. Anachohitaji ni kufikishwa hospitali haraka ili asaidiwe kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Wazee wa pwani wamekataza bunju tangu zamani na walikuwa sahihi. Watoto wanaookota samaki waliotupwa ufukweni wanapaswa kuonyeshwa sura yake.

Pampu inayokula chakula

Kila ishara inapopita, sodiamu kidogo inabaki ndani na potasiamu kidogo inabaki nje. Zikiachwa hivyo, betri ingekwisha. Kwa hiyo ukuta wa seli una pampu zinazofanya kazi usiku na mchana: kila zinapotoa chembe 3 za sodiamu, zinarudisha chembe 2 za potasiamu. Pampu hizi zinahitaji nguvu, na nguvu inatoka kwenye chakula kinachochomwa kwa hewa ya oksijeni ndani ya seli. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapopumzika. Kwa mtoto mdogo sehemu hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa maneno ya jikoni, seli ya neva ni jiko lisilozimwa. Sumu ya sayanaidi hufanya jambo moja baya: inaizuia seli kuitumia oksijeni kuchoma chakula. Hewa ipo na chakula kipo, lakini moto hauwaki. Na sayanaidi ndiyo inayotoka kwenye muhogo mchungu.

Njia ya kutoka kichwani hadi mguuni

Bado kipande kimoja cha maelezo kabla ya muhogo. Mtoto anapotaka kupiga hatua, amri haitoki ubongoni hadi mguuni kwa uzi mmoja. Inapokezanwa na seli mbili. Seli ya kwanza ina mwili wake juu kabisa ubongoni, na uzi wake unashuka ndani ya uti wa mgongo hadi karibu na kiuno. Hapo inaikuta seli ya pili. Nyuzi hazigusani. Kuna upenyo mdogo sana kati yao, na ishara ikifika ukingoni, uzi wa kwanza humwaga kemikali inayovuka upenyo na kuiamsha seli ya pili. Uzi wa seli ya pili hutoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye msuli wa mguu.

Seli ya kwanza ina kazi mbili. Inatoa amri ya kutembea, na pia inaishikia breki seli ya pili isije ikakaza msuli ovyo. Ndiyo maana sisi watumishi wa afya tunagonga goti kwa kinyundo. Mgongo huo mdogo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na kurudi moja kwa moja bila kupitia kichwani, na mguu hurushwa kidogo. Seli ya pili ikiharibika, mguu unakuwa laini kama kitambaa, na ukigonga goti hakuna kinachotokea. Polio hufanya hivyo. Seli ya kwanza ikiharibika, breki imekatika: mguu unakakamaa, magoti yanakaribiana, vidole vya mguu vinaelekea chini, na ukigonga goti mguu unaruka kwa nguvu kupita kawaida. Konzo ni hiyo.

Mkoa wetu na konzo

Konzo ni neno la Kiyaka, lugha ya kusini magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa eneo la Kwango. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ililipuka Nampula kaskazini mwa Msumbiji na kuwapata watu zaidi ya 1,100. Huko waliiita mantakassa. Kwetu Tanzania ilionekana Tarime mwaka 1985. Mwaka 1988 Masasi ilipata mlipuko wa watu kulewa sumu ya muhogo, wakati wa uhaba wa chakula. Konzo yenyewe iliripotiwa Mbinga mwaka 2001 na 2002, kisha mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003.

Ukitazama miaka hiyo utaona ukame, njaa au shida nyingine ya chakula. Hali hizo huja na mambo matatu kwa pamoja. Mvua ikikosekana, muhogo wenyewe huongeza sumu kwenye mizizi. Chakula kikiisha ghalani, watu hawana subira ya kuutayarisha siku nyingi. Na mboga ya protini hupungua, ugali ukabaki peke yake. Masasi mwaka 1988 watu wengi walikuwa wakila chinyanya, yaani muhogo mbichi unaotwangwa na kuanikwa, kutwangwa na kuanikwa, hadi unga unapatikana siku ileile. Mwenye njaa hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini siku moja haitoshi kuitoa sumu.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiuache tu muhogo mchungu. Anayeuliza hivyo hajalima. Muhogo mchungu hauguswi ovyo na nguruwe pori wala nyani, hauibiwi ukachemshwa njiani, na unavumilia udongo uliochoka. Kwenye uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba maji yamekuwa ya shida miaka mingi, kwa hiyo kuloweka muhogo siku tatu kwenye maji ni anasa. Watu wakazoea makopa: muhogo unamenywa, unakatwa, unaanikwa juani mpaka unakauka, kisha unatwangwa au kusagwa. Makopa ni chakula kizuri na yanatunzika. Tatizo ni kwamba kukausha peke yake huacha sumu nyingi ndani.

Sababu ni hii. Sumu haimo ndani ya muhogo ikiwa sayanaidi tayari. Imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Muhogo huohuo una kimeng'enya kinachoifungua linamarini, lakini viwili hivyo vimehifadhiwa vyumba tofauti. Ukikwaruza, ukitwanga au ukiloweka, kuta zinavunjika, vinakutana, sayanaidi inafunguka na kupaa hewani kama gesi. Ukikausha haraka, maji yanaisha kabla havijakutana vizuri, na linamarini inabaki kwenye unga. Na ukiupika unga huo, maji ya moto yanaua kimeng'enya huku linamarini ikibaki. Kwa hiyo usidhani moto wa ugali umemaliza kazi. Kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo moja ya unga, na unga wa makopa yaliyoharakishwa unaweza kukizidi mara nyingi.

Mwili una namna ya kujitetea. Unachukua salfa kutoka kwenye protini, unaiunganisha na sayanaidi, na kuitoa kwa mkojo. Samaki, dagaa, mayai na nyama vina salfa hiyo kwa wingi, na kunde na mbaazi nazo husaidia. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa kila siku yuko salama kuliko anayeula kwa mchuzi mtupu. Konzo huwapata wale waliokula unga wenye sumu kwa wiki kadhaa mfululizo bila kitoweo cha protini, na huwapata zaidi watoto wenye zaidi ya miaka mitatu na wanawake wa umri wa kuzaa. Watoto wadogo wanaonyonya hupona kwa sehemu kubwa. Nadhani kila mama anaijua sababu mojawapo ya akina mama kuwamo kwenye orodha hiyo: kipande cha samaki kikiwa kimoja, tunajua nani hakili.

Konzo huja ghafla. Mtu analala mzima, anaamka miguu inatetemeka na kukakamaa, au inaanza baada ya kutembea mwendo mrefu au kufanya kazi nzito. Miguu yote miwili huathirika sawasawa. Wengine siku za mwanzo huona ukungu machoni au ulimi kuwa mzito. Mguu unahisi mguso kama kawaida na mkojo haumponyoki. Haizidi kuwa mbaya siku hadi siku kama magonjwa mengine, lakini pia haiondoki, kwa sababu uzi wa seli ya kwanza ukishakufa ndani ya uti wa mgongo hauoti tena. Aliyeathirika kidogo hutembea bila msaada kwa kukakamaa. Wengine huhitaji fimbo moja au mbili. Walioathirika sana hawatembei. Anayezidi kula unga uleule anaweza kupata shambulio la pili, baya kuliko la kwanza.

Kuulowanisha unga

Huenda unasema, mimi niko mjini, silimi muhogo. Lakini kiroba cha makopa kinatoka kijijini kwa bibi, na unga wa muhogo unapimwa kwa kopo sokoni. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui ulitayarishwaje. Kwa bahati kuna njia inayofanyika kwenye unga wenyewe, baada ya kununua. Ilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na ilifundishwa kwa akina mama wa Mtwara na Mbinga baada ya ile milipuko. Kongo, katika kijiji cha Kay Kalenda, ilitumika kuizuia konzo.

Weka unga kwenye bakuli au sufuria bila kuushindilia, usawazishe, na utie alama ndani ya chombo pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama. Endelea kuongeza maji mpaka upande tena na kufika kwenye alama ileile, kisha acha. Utakuwa na unga mbichi mzito, hautakuwa uji. Utandaze kwenye jamvi safi au ungo mpana, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, mahali penye hewa. Juani uache kwa muda wa saa 2, kivulini kwa muda wa saa 5. Gesi inapaa yenyewe. Kisha pika ugali wako siku hiyohiyo, kwa sababu unga mbichi ukilala huchacha. Ladha haiharibiki, na wengi husema uchungu umepungua.

Njia hii hupunguza sumu mara tatu hadi sita. Haiondoi yote, kwa hiyo unga mchungu sana bado unahitaji kuanza vizuri shambani: menya, loweka siku tatu au nne mpaka muhogo ulainike, mimina maji yale, ndipo uanike. Penye maji ya kutosha hiyo ndiyo njia bora. Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo kwenye majani. Kitwange vizuri, kiache kidogo kabla ya kukibandika, na kichemshe bila kufunika sufuria. Muhogo wa kutafuna mbichi au wa kuchemsha uwe ule unaojua ni mtamu. Ukiuma kipande kikawa kichungu, tema, na usimwachie mtoto amalize.

Uji wa muhogo mtupu si chakula cha kumlikiza mtoto. Kama ndio uliopo, unga wake uwe umelowanishwa, na uchanganye na karanga au dagaa waliosagwa.

Lini umpeleke mtoto

Mtoto akianza kutapika, kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kulegea ndani ya saa chache baada ya kula muhogo, hasa kama wengine waliokula naye wako hivyohivyo, hiyo ni sumu ya papo hapo. Usimpe maziwa nyumbani ukisubiri. Mkimbize kituo cha afya cha karibu, na kama hali ni mbaya moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Chukua kipande cha muhogo au unga mliokula uwaonyeshe.

Mtoto akianza ghafla kuanguka anguka, miguu ikakakamaa au ikalegea, mpeleke siku hiyo. Usipitie kwanza kwa mganga kuuliza nani kamfunga miguu. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 mwenye ulegevu wa ghafla wa kiungo lazima achunguzwe polio, na sampuli za choo huhitajika ndani ya siku 14 za mwanzo, kwa hiyo kila siku inayopotea ina maana. Wapimaji watakuuliza mmekuwa mkila nini kwa mwezi mzima. Jibu kwa ukweli hata kama ni ugali na chumvi.

Kwa aliyekwisha kupata konzo, nyuzi zilizokufa hazirudishwi na dawa yoyote, na anayekuuzia dawa hiyo anakula pesa yako. Mazoezi ya viungo ndiyo yanayosaidia. Nyoosha kisigino na goti la mtoto polepole asubuhi na jioni, kano zisijifupishe, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha jinsi ya kufanya. Fimbo za kutembelea, chakula chenye protini na unga uliolowanishwa kwa nyumba nzima viendelee. Akili yake iko, kwa hiyo arudi shule, hata kama mwanzoni atapelekwa kwa baiskeli.